Tanga na Mkuku: Mageuzi ya Nidhamu na Uhai wa Kampuni Changa



Mada niliyoichagua ni ya biashara, wala sioni haya kuileta mbele ya wanazuoni, kwani mji huu wa Mombasa tuliomo, ijapokuwa majeshi mengi yaliupigania hata ukapewa jina la Mvita, haukujengwa na majeshi. Ulijengwa na watu waliochanganya rasilmali zao, wakaaminiana, wakapakia bidhaa katika chombo, wakakiaga bandarini wakati wa kusi, na wakakaa kungojea kaskazi irudi ili wajue kama wamepata faida au hasara. Sharika ni jambo la kale katika Mji wa Kale, na kila nyumba ya Ndia Kuu na ya Kibokoni ina hadithi ya sharika iliyostawi na ya nyingine iliyovunjika.

Swali langu ni hili. Kampuni ikiwa bado changa, ikabadilisha namna yake ya kujitawala, yaani nani aamue, nani awajibike kwa nani, kazi yake hasa ni ipi, na watu wake washikamane kwa kitu gani, je, ufanisi wake huzidi au hupungua? Wako wanaosema kwamba kampuni isiyogeuka hufa, kwa hivyo kila mageuzi ni heri. Na wako wanaosema kwamba kila mageuzi ni hatari, kwa hivyo lililo salama ni kushika lile ulilolianza. Mimi nadai kwamba makundi haya mawili yote yamekosea kwa sababu moja, nayo ni kutotofautisha tanga na mkuku. Nahodha hubadilisha tanga katikati ya bahari, kubwa akaweka dogo kwa kadiri ya upepo, na hakuna amwitaye mwendawazimu. Bali hakuna nahodha aliyewahi kubadilisha mkuku wa chombo chake hali kimo majini na kina watu na shehena.

Natuanze na waliyosema wataalamu. Mwaka 1965 mwanachuoni wa Marekani, Arthur Stinchcombe, alieleza kwa nini jumuiya mpya hufa kwa wingi kuliko zile kongwe, na sababu alizozitaja zafaa kukumbukwa na kila aanzaye kazi. Ya kwanza, watu wa jumuiya mpya hawajajifunza nafasi zao, na kila mmoja hujifunza kwa kukosea, na kila kosa lina gharama. Ya pili, wanaofanya kazi pamoja aghalabu ni wageni wao kwa wao, na amana baina ya wageni haipatikani kwa siku moja. Ya tatu, jumuiya mpya haina wateja waliokwisha kuizoea, na lazima iwavute wale waliozoea wengine. Huu ndio nitakaouita mzigo wa uchanga. Kisha mwaka 1984 Michael Hannan na John Freeman wakaongeza jambo zito zaidi: kwamba kampuni ibadilishapo mambo yake ya msingi, huurudisha mzigo ule mabegani mwake, ikawa kana kwamba imezaliwa upya, kwa kuwa nafasi lazima zijifunzwe tena, amana ijengwe tena, na wateja waelezwe tena hii ni nani.

Nadharia hizi zilipimwa kwa matendo. Katika miaka ya 1990, James Baron na Hannan, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walizifuatilia kampuni changa zipatazo mia mbili za ufundi wa kisasa katika bonde la California linaloitwa Silicon Valley, wakawauliza waasisi wake: ulipoanza, uliwaza watu wako watafungamana na kampuni kwa kitu gani, kwa mapenzi ya kundi, kwa utamu wa kazi, au kwa fedha tu? Uliwaza utawasimamia kwa jicho lako, kwa kanuni, au kwa wao kusimamiana? Walichokiona ni kwamba fikira ile ya kwanza ya mwasisi hudumu katika kampuni hata baada ya mwasisi kuondoka. Na kwamba pale ilipogeuzwa, wafanyakazi waliondoka kwa wingi, na walioondoka zaidi ni wale waliokaa muda mrefu, na kuondoka kwao kukaidhuru kampuni katika mapato yake. Zingatieni, ndugu zangu: anayeondoka mageuzi yajapo si mgeni ambaye jana tu aliingia, bali ni yule mkongwe ambaye ahadi ya mwanzo alipewa yeye.

Lakini kwa nini twende hadi California kutafuta ibra, ilhali iko ng'ambo ya ukuta? Mtu akiteremka kutoka Fort Jesus kwa njia ya Mji wa Kale, akaelekea bandari ya majahazi, ataiona Leven House, nyumba iliyoitwa kwa jina la manowari ya Kapteni Owen aliyefika hapa mwaka 1824. Nyumba hiyo iliwahi kuwa makao ya kampuni moja changa sana, iliyoishi miaka saba tu, ambayo kwa jina lake kamili iliitwa Imperial British East Africa Company. Naileta kama ibra, wala siileti kama kielelezo, maana ilikuja kutawala watu wasioialika, na madhara yake katika nchi hii hayasahauliki. Hata hivyo daktari hujifunza pia katika maiti ya asiyempenda.

Mnamo tarehe 24 Mei 1887, Sayyid Barghash wa Zanzibar alitoa mkataba wa miaka 50 kwa jumuiya ya wafanyabiashara wa Kiingereza, waisimamie pwani yake kutoka Mto Umba hadi Kipini, wakusanye ushuru wa forodha, na wampe haki yake. Kiongozi wao alikuwa William Mackinnon, Mskochi mwenye meli za British India Steam Navigation Company, ambazo tangu mwaka 1872 zilikuwa zikichukua barua na abiria hadi Unguja. Septemba 1888 jumuiya hiyo ilipata hati ya Malkia Victoria ikawa Kampuni. Rasilmali iliyotajwa katika karatasi ilikuwa paundi milioni mbili. Iliyochangwa kwa hakika mwanzoni ilikuwa kiasi cha paundi 240,000. Fikira yake ya kwanza ilikuwa ya mfanyabiashara: forodha, bandari, njia za bidhaa, pembe na mpira, na baadaye reli. Ikapiga sarafu zake zenye jina la Mombasa, na juu ya pesa zake za shaba ikachora mizani, alama ya duka na ya haki.

Na mwanzo huo haukuwa mbaya kwa hisabu ya biashara. Oktoba 1888 alifika George Mackenzie kuiongoza kutoka hapa kisiwani, akaukuta mji umechafukwa kwa sababu ya watumwa waliotoroka kwa mabwana zao wakakimbilia Rabai na vijiji vingine vya misheni. Mackenzie hakutanguliza bunduki. Aliketi na wakubwa wa mji, akaafikiana nao juu ya fidia, na siku ya mwaka mpya wa 1889, huko Rabai, watu zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru wao. Leo tunahuzunika kwamba aliyelipwa ni bwana na si aliyeteswa, na huzuni hiyo ni haki. Bali kwa upande wa tadbiri, jambo linaonyesha kwamba Kampuni, katika miezi yake ya mwanzo, ilifahamu kuwa rasilmali yake ya kwanza ni kuaminiwa na mji.

Kisha ukaja mgeuko. Wadachi walikuwa wakishindana na Waingereza katika bara, na mwaka 1890 mtu wao, Carl Peters, alifika Uganda kwa Kabaka Mwanga akafanya naye mapatano. Serikali ya London ilitaka Uganda isipotee, lakini haikutaka kulipa. Ikaitazama Kampuni, nayo ikakubali. Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard aliingia Kampala kwa jina la Kampuni, na tarehe 26 ya mwezi huo Mwanga akatia mkono mkataba. Tangu siku hiyo kampuni ya forodha ilikuwa imegeuka dola. Ikalazimika kuwa na askari, na ngome kwenye njia ya bara, na wapagazi wa kuzilisha. Januari 1892 ikajikuta katika vita vya Mengo, baina ya Waganda wafuasi wa Kifaransa na wafuasi wa Kiingereza, vita ambavyo hakuna mwenye hisa hata mmoja aliyetoa paundi yake kwa ajili yake. Huko Witu nako iliingia mwaka 1891, na mwaka 1893 ikatoka.

Tuangalie sasa jinsi mgeuko ule ulivyoingia katika viungo vya Kampuni, kwani hapo ndipo penye elimu. Mwaka 1890 waya wa simu ya chini ya bahari uliunganisha Mombasa na Zanzibar, na kupitia Zanzibar na ulimwengu. Kwa hivyo amri ya London ilifika kisiwani kwa muda mfupi. Lakini kutoka kisiwani hadi Kampala amri ile ile ilikwenda kwa miguu ya binadamu, muda wa kiasi cha miezi mitatu. Halmashauri ikawa na kichwa kiendacho kwa umeme na miguu iendayo kwa wapagazi. Ilipoamua jambo, hali iliyoamuliwa ilikuwa imekwisha kupita, na mtu wa Kampala aliyeamua mwenyewe alikuwa amekwisha kuifunga Kampuni kwa ahadi zisizo na fedha. Na hapa Mombasa penyewe, katika miaka saba, uongozi ulipita mikononi mwa Mackenzie, na Sir Francis de Winton, na Ernest Berkeley, na J. R. W. Pigott. Kila mmoja alikuwa na ujuzi wake, lakini mapatano ya mji huu hufungwa kwa uso wa mtu, na kila uso mpya uliwalazimu liwali, kadhi, mzee wa mtaa na mwenye jahazi kuanza tena kupima kama neno la Kampuni ni neno.

Gharama ilikuwa ya kutisha. Mzigo wa tani moja kutoka pwani hadi Uganda, kwa vichwa vya wapagazi, uligharimu mamia ya paundi, na bidhaa iliyoweza kustahimili gharama hiyo ni pembe pekee. Reli ambayo ingeponya ugonjwa huu ilipimwa mwaka 1891 na 1892, lakini fedha za kuijenga hazikupatikana wakati wa uhai wa Kampuni. Vipande vya reli nyembamba ambavyo Kampuni ilivianza mwaka 1890 viliishia maili chache tu. Baadaye vyuma vyake vilitandikwa katika mitaa ya kisiwa hiki, na wakubwa wakapanda vijigari vilivyosukumwa na watu. Mwaka 1891 halmashauri iliamua kuiacha Uganda. Marafiki wa misheni wakachanga fedha ili ikae mwaka mmoja zaidi, na mwezi wa Aprili 1893 Sir Gerald Portal akaipokea kwa niaba ya serikali. Juni ya mwaka huo Mackinnon akafariki. Mwaka 1895 Kampuni ikauza haki zake kwa paundi 250,000, na katika hizo 200,000 zilitoka katika fedha za Zanzibar yenyewe. Yaani Sultani alilipa ili pwani aliyoikodisha itoke mikononi mwa mpangaji, kisha ikatiwa mikononi mwa mwingine. Tarehe 1 Julai 1895 himaya ya Kiingereza ilitangazwa hapa Mombasa.

Mtu mwenye insafu atauliza: je, kilichoiua ni mageuzi, au ni uchache wa mali na ukaidi wa serikali iliyotaka kazi bila ya kulipa? Swali hili ni la haki, na jibu langu ni kwamba vyote viwili vilikuwapo, lakini kimoja kilifungua mlango kwa kingine. Mali ya kuendesha forodha na bandari haikuwa chache; ikawa chache siku ile kazi ilipobadilika. Na serikali iliweza kuikaidi kwa sababu Kampuni ilikwisha kukubali kuwa kitu kingine kabla ya kuuliza nani atakilipia. Iligeuza mkuku katikati ya bahari, na maji yalipoingia ililaumu dhoruba.

Ili nisidhaniwe kuwa naogopa kila mageuzi, nauleta mfano wa pili, nao pia ulizaliwa Mombasa. Mwaka 1902 mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyetoka Karachi na kutajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda, alianzisha hapa gazeti la kila juma, African Standard. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu wawili, Anderson na Mayer, nao wakalibadilisha jina likawa East African Standard. Na mwaka 1910 likahamia Nairobi, kuifuata serikali na wasomaji waliokuwa wakihamia huko. Hesabuni mageuzi hayo: mwenye mali, jina na mji, yote katika muda wa miaka minane ya kuzaliwa. Kwa mizani ya anayeogopa kila badiliko, gazeti hilo lingekufa mara tatu. Lakini lingali hai hadi leo kwa jina la The Standard. Sikubaliani na siasa ya gazeti hilo la zama za ukoloni, wala si kazi yangu leo kuihukumu. Nasema tu kwamba kazi yake haikugeuka. Lilikuwa kampuni ya kuchapa habari na matangazo likabaki kampuni ya kuchapa habari na matangazo. Mchapaji alijua kazi yake, mwenye tangazo alijua anachokinunua, na aliyeliuza aliliachia kwa ukamilifu, pasiwe na mabwana wawili. Yalibadilishwa matanga, mkuku ulibaki.

Wa tatu nitamtaja kwa ufupi, kwa kuwa katika kisiwa hiki jina lake limeandikwa juu ya skuli. Allidina Visram alitoka Kutch akiwa mtoto, akajifunza biashara Bagamoyo, na kufikia mwanzo wa karne ya ishirini maduka yake yalifuata njia ya reli hadi Uganda na kuivuka mipaka yake. Alipofariki mwaka 1916 mwanawe Abdulrasul alishika mahali pake, na baada ya miaka si mingi ile himaya ya maduka ikaporomoka. Hapa ibra ni kinyume cha ile ya kwanza: kampuni isiyogeuzwa kabisa, ikabaki imesimama juu ya akili na uso wa mtu mmoja, haina mkuku wa kugeuza, mkuku wake ni mwili wa mtu, na mwili wa mtu una ajali yake. Kwa hivyo kuweka nidhamu ni mageuzi ya lazima, na yafaa yafanywe hali mwasisi yu hai na watu wangali wanamwamini.

Sasa nawageukia nyinyi vijana. Najua kwamba katika mji huu, kutoka Makadara hadi Tudor, mnaanzisha kampuni za programu za simu, za kutembeza wageni, za kupeleka bidhaa majumbani kwa tuktuk, za picha na za mapishi. Na tangu mwaka 2016 kituo cha Swahilipot kimewapa wengi wenu mahali pa kukutania karibu na Fort Jesus. Natuwaze kampuni ya vijana wanne wa Kibokoni wanaochukua samaki na mboga sokoni Marikiti na kuzifikisha kwa wenyewe. Mwanzoni wanaamua mambo barazani, usiku, kwa kahawa. Mapato wanayagawa mafungu kama mabaharia wa jahazi, fungu la chombo, fungu la nahodha na fungu la kila mtu. Mwaka wa pili anakuja mwenye mtaji, naye anataka meneja, mishahara, fomu na taarifa za kila juma. Hakuna moja katika hayo lililo baya. Lakini dereva wa kwanza aliyetoka nyumbani alfajiri miezi sita bila ya ujira, akiamini kwamba fungu lake lipo, anaamka asubuhi moja akiwa mwajiriwa. Na juma lile anapoondoka, huondoka na wateja wake, maana wao walimjua yeye, hawakuijua kampuni.

Kwa hivyo nawausia mambo manne. Kwanza, andikeni ahadi yenu ya mwanzo mngali marafiki, mseme kazi yetu ni hii, mwenye kuamua ni huyu, na fungu la kila mtu ni hili. Msichokiandika hamtajua mkikigeuza. Pili, likija badiliko, ulizeni kwanza kama ni la tanga au la mkuku: bidhaa, bei, mahali, vyombo vya kazi na hata jina vyaweza kubadilishwa njiani, bali kazi yenyewe, ngazi ya amri na ahadi kwa watu ni mkuku. Tatu, ikiwa mkuku lazima ubadilishwe, na mara nyingine ni lazima, pandisheni chombo pwani kama wafanyavyo mafundi wetu wasubiripo maji kupwa: punguzeni kazi mpya, wekeni akiba ya kuwavusha, waiteni wakongwe wenu kabla ya wageni, na ile ahadi ya zamani ilipeni kwanza ndipo mwandike mpya. Nne, msigeuze mawili ya msingi kwa msimu mmoja, maana mkipata hasara hamtajua ni lipi lililowadhuru.

Na kwenu nyinyi wenye mitaji, serikali ya kaunti, mabenki na wafadhili, nina ombi moja. Mnapoipa kampuni changa fedha kwa sharti kwamba iwe kitu kingine, lipeni gharama ya kule kugeuka, msilipe gharama ya kile itakachokuwa tu. Serikali ya London ilitaka dola kwa bei ya duka, na aliyemaliza kulipa deni lile alikuwa mwenye pwani.

Jahazi hupigwa kalafati na kupakwa shahamu hali liko juu ya mchanga, si katikati ya mkondo wa Kilindini. Mafundi wa bandari ya kale wamelijua hilo tangu zamani, na mwenye kampuni changa katika mji huu hana udhuru wa kutolijua.